Mtindi katika Chakula cha Watu wa Mwambao

Atokaye Mjini Unguja akaifuata njia ya kusini, kabla ya kufika uwanja wa ndege hupita Kiembe Samaki. Hapo mji umekwisha kulimeza shamba, lakini bado haujalimaliza; kati ya nyumba za matofali huonekana ng'ombe wa nundu amefungwa kamba chini ya mnazi. Maziwa ya ng'ombe huyu si mengi, na joto la kisiwa haliyaruhusu kukaa. Mama wa nyumba alijua tangu zamani kuwa yatageuka. Kazi yake ilikuwa kuyaongoza yageuke vizuri.

Lugha yenyewe imehifadhi maoni ya wazee juu ya jambo hili. Tui la nazi likilala husemwa limechacha, nalo humwagwa. Maziwa yakilala huitwa maziwa mabivu, kama yasemwavyo matunda. Jina mtindi, ambalo leo hutumika kwa kila maziwa yaliyoganda, kwa asili ni la yale yaliyosukwa yakatolewa siagi, na siagi ile ikapikwa kuwa samli. Wakenya husema maziwa lala, na kwa kifupi mala.

Wapo wasemao kuwa maziwa ni chakula cha wafugaji wa bara, na kwamba Mswahili ni mtu wa samaki na nazi. Rai hiyo haina budi kupimwa kwa ushahidi. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tangier alishuka Mogadishu, kisha akaja Mombasa na Kilwa. Katika habari za Mogadishu ameeleza chakula alichoandaliwa mgeni: wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na chombo kingine cha maziwa yaliyoganda, yamewekewa ndimu za achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachohitaji kufasiriwa kwa mwanafunzi wa Unguja. Msafiri huyo huyo hakuficha kuwa wenyeji wake walikula sana na walikuwa wanene, jambo ambalo sisi wapenda mtindi hatuna haja ya kulifuta. Ni kweli kwamba Mogadishu si Unguja, na chakula cha mgeni wa heshima si cha kila nyumba. Hata hivyo habari hii yatosha kuonyesha kuwa maziwa yaliyoganda yalikuwa katika sinia ya mwambao karibu miaka 700 iliyopita.

Faida yake kwa mwili haikuwa ya kubuni. Sukari iliyomo katika maziwa huitwa laktosi. Utumbo wa mtoto huivunja kwa urahisi, lakini watu wengi duniani hupoteza uwezo huo wakubwapo, na wanywapo maziwa yasiyoganda tumbo hujaa na kuunguruma. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Sarah Tishkoff na wenzake, uliowahusu Watanzania, Wakenya na Wasudani, ulieleza mabadiliko ya urithi yanayoubakiza uwezo huo hadi utu uzima, na yalionekana zaidi katika jamii za wafugaji. Asiyerithi hakuachwa mikono mitupu: vijidudu vya mgando huigeuza sehemu ya laktosi kuwa asidi, na huendelea kusaidia kuivunja tumboni, huku protini na kalsiamu za maziwa zikibaki pale pale.

Elie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikwenda mbali zaidi, akadai kuwa maziwa yaliyoganda hurefusha maisha. Aliyanywa mwenyewe, akafariki mwaka 1916 akiwa na miaka 71. Dai lake lilizidi ushahidi wake, na haifai kulirudia madarasani.

Lipo jambo ambalo wazee hawakuwa na njia ya kulijua. Maziwa yaliyoganda bila kuchemshwa yaweza kubeba bruselosi na kifua kikuu cha ng'ombe, na ukali wake hauui vijidudu hivyo kwa hakika. Homa ya bruselosi huja na kurudi, huumiza viungo, na mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Hapa ndipo bibi na mganga wa hospitali wanapokosana. Bibi hasemi uongo anaposhikilia kuwa maziwa yaliyochemshwa hayagandi yenyewe sawasawa, maana moto umeua na vile vijidudu vyema. Lakini njia ipo, nayo ni nyepesi. Maziwa yachemshwe, yaachwe yapoe hadi yawe vuguvugu, kisha yatiwe kijiko cha mtindi wa jana, ambao nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Chombo kiwe safi, kifunikwe kwa kawa, kisitikiswe. Kwa joto la Kiembe Samaki, usiku mmoja watosha.