Jicho la Pili kwenye Picha ya Kifua: Safari ya Kompyuta katika Usomaji wa Eksirei

Historia ya kompyuta katika usomaji wa picha za kifua haina budi kuanzia kabla ya kompyuta yenyewe, kwa kuwa kilichoifanya ihitajike ni udhaifu wa jicho la binadamu, na udhaifu huo ulikwisha kupimwa na kuandikwa wakati ambapo hapakuwa na mashine yoyote iliyoweza kusoma picha. Wilhelm Conrad Röntgen aligundua eksirei mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na katika miongo iliyofuata picha ya kifua ikawa nyenzo kuu ya kusaka kifua kikuu; hata hivyo ilipita takriban nusu karne kabla ya kujulikana kwa tarakimu ni mara ngapi msomaji wa picha hizo hukosea.

Jibu lilipatikana pasipo kutafutwa. Mwaka 1947 yalichapishwa nchini Marekani matokeo ya utafiti uliokusudiwa kulinganisha aina nne za filamu, ili ijulikane ipi ingefaa zaidi kupimia watu wengi kwa mkupuo. Watu 1,256 walipigwa picha kwa aina zote nne, kisha wasomaji watano wenye uzoefu wakazisoma, kila mmoja peke yake. Ilibainika kwamba tofauti baina ya filamu ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na tofauti baina ya wasomaji wenyewe, na kwamba msomaji aliyerudishiwa filamu zilezile baada ya muda alijipinga mwenyewe katika nyingi. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa radiolojia L. Henry Garland wa California alieleza kwamba wasomaji hodari hupitwa na karibu asilimia 30 ya filamu zenye dalili za ugonjwa, taarifa ambayo bila shaka haikuwafurahisha wenzake.

Si uzembe uliokuwa ukisababisha makosa hayo. Picha ya kifua huubana mwili wenye kina na kuufanya bapa, hivyo mbavu, mtulinga, moyo, kiwambo na mamia ya mishipa ya damu hulaliana mahali pamoja, na kinundu, yaani kivuli cha mviringo kisichozidi sentimita 3 ambacho huenda kikawa mwanzo wa saratani, chaweza kujificha nyuma ya mfupa au kudhaniwa kuwa mshipa uliotazamwa kwa ncha. Harold Kundel na wenzake, waliofuatilia mwendo wa macho ya wasomaji, walionyesha mwaka 1978 kwamba sehemu kubwa ya vinundu vilivyowapita wasomaji ilikuwa imetazamwa: jicho lilitua juu yake, likakaa, kisha akili ikaamua kwamba hapana kitu. Nao utafiti wa hospitali ya Mayo, uliowafuatilia wanaume wavutaji sigara kwa picha za kila baada ya miezi minne, uligundua kwamba takriban asilimia 90 ya saratani zilizokuwa pembezoni mwa mapafu zilionekana, zilipoangaliwa upya, katika filamu za awali ambazo zilikuwa zimepitishwa kuwa safi. Ni matokeo mazito, kwa maana nyuma ya kila filamu ya namna hiyo kulikuwa na mtu aliyeambiwa kwamba hana tatizo.

Wa kwanza kuikaribisha kompyuta katika kazi hii alikuwa Gwilym Lodwick wa Chuo Kikuu cha Missouri, ambaye mwaka 1963 alichapisha pamoja na wenzake mfumo wa kugeuza sifa za saratani ya mapafu katika filamu, kama vile ukubwa wa uvimbe na umbo la kingo zake, kuwa namba. Ikumbukwe kwamba kompyuta hiyo haikuona picha hata moja. Aliyeona alikuwa daktari, naye ndiye aliyejaza namba, kazi ya mashine ikiwa kukokotoa tu uwezekano wa mgonjwa kuishi. Kuifanya mashine ione kulihitaji filamu igeuzwe kuwa pikseli, yaani vijiraba vidogo ambavyo kila kimoja hubeba namba ya mwanga wake, na majaribio ya namna hiyo ya miaka ya 1960 na 1970 yalifanywa kwa matumaini makubwa kuliko uwezo wa mashine za wakati huo, kwa kuwa baadhi ya waliohusika walitaka kompyuta ichukue nafasi ya daktari moja kwa moja.

Mabadiliko ya kweli yalikuwa ya fikra. Katika miaka ya 1980, kundi la Kunio Doi katika Chuo Kikuu cha Chicago, akiwamo Maryellen Giger, liliachana na lengo la kumwondoa daktari na kushika lengo la kumpa msaidizi: mashine ionyeshe mahali pa kutilia shaka, na daktari aamue. Mbinu yao ya kutafuta vinundu inastahili kuelezwa. Kutokana na picha moja walitengeneza mbili, ya kwanza ikikuza kila kivuli cha mviringo na ya pili ikikififisha, kisha wakaiondoa ya pili katika ya kwanza, hivyo mandhari ya mbavu na mishipa ikapungua na kubaki madoa machache, ambayo programu iliyapima kwa ukubwa na mviringo wake. Tatizo lilikuwa kwamba mahali mbavu mbili zinapopishana nako hutokea doa la mviringo, na mshipa unaomwelekea mtazamaji nao ni mviringo, hivyo kila picha ilileta kengele kadhaa za uongo.

Tatizo hilo lilihamia sokoni pamoja na mashine. Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha RapidScreen, mfumo wa kusaka vinundu katika eksirei ya kifua, uliotumika baada ya daktari kumaliza usomaji wake wa kwanza. Katika picha za matiti, ambako mifumo ya aina hiyo ilitangulia na kuenea zaidi, utafiti mkubwa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba usahihi wa jumla ulishuka, kwa sababu wanawake wengi zaidi wasio na ugonjwa waliitwa kwa vipimo zaidi.

Kuanzia mwaka 2012 ulishika kasi ujifunzaji wa kina, mbinu ya akili unde ambayo programu haifundishwi kanuni za mviringo wala kingo bali huonyeshwa picha nyingi zilizokwisha kutambulishwa, ikajitafutia yenyewe kinachozitofautisha. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa mbinu hiyo, alitamka kwamba watu waache sasa kusomesha wataalamu wa radiolojia, na mwaka uliofuata Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikatoa hadharani picha 112,120 za vifua. Lakini wataalamu waliozichunguza picha hizo waligundua kwamba nyingi kati ya zile zilizoandikwa kuwa na hewa iliyonaswa baina ya pafu na ukuta wa kifua zilikuwa tayari na mrija wa kuitoa hewa hiyo, maana yake programu iliweza kujifunza kuutambua mrija, yaani tiba, badala ya ugonjwa. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionyesha kwamba programu ya kutambua nimonia ilijua karibu bila kosa picha imetoka hospitali gani, na mara nyingi ilifanya vibaya ilipopelekwa hospitali ngeni. Kauli ya Hinton ilikuwa ya haraka mno.

Mahali ambapo mashine imepata kazi ya uhakika ni kulekule picha ya kifua ilikoanzia, kwenye kifua kikuu, na hasa katika nchi ambazo eksirei inaweza kupigwa lakini wa kuisoma hayupo. Programu ya CAD4TB, iliyoanzia Nijmegen, Uholanzi, hutoa alama kutoka 0 hadi 100 kuonyesha kiwango cha shaka, nayo ilijaribiwa mapema Bagamoyo kwa ushirikiano na Taasisi ya Afya Ifakara, alama zake zikilinganishwa na majibu ya kuotesha makohozi, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za aina hii zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuchuja wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu, kwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi.

Alama hizo hazina maana hadi ichaguliwe namba ambayo mgonjwa akiifikia anapelekwa kupimwa makohozi, na namba hiyo haiwezi kuwa moja kila mahali, kwa sababu mgonjwa wa kifua kikuu aliyedhoofishwa na VVU huenda asionyeshe mapango yanayotarajiwa katika mapafu, na mtu aliyepona kifua kikuu hubaki na makovu yanayoweza kuihadaa programu. Hospitali inayonunua programu ya aina hii inapaswa, kabla ya kuitumia kwa mgonjwa wa kwanza, kuipima kwa picha za wagonjwa wake yenyewe ambao majibu yao ya makohozi yanajulikana, na kurudia kipimo hicho kila toleo jipya linapoletwa.