Uelekezaji katika redio ya pakiti

Uelekezaji katika redio ya pakiti ni kazi ya kuchagua njia ambayo ujumbe wa kompyuta utapitia kutoka kituo kimoja cha redio hadi kingine, pale ambapo vituo hivyo viwili havisikilizani moja kwa moja. Kazi hiyo hufanywa na programu inayoendelea chinichini katika kompyuta ya kila kituo. Programu husikiliza matangazo ya vituo jirani, hutunza jedwali la njia na kuondoa njia zilizokufa. Kwenye kompyuta za Linux programu inayojulikana kwa kazi hiyo ni netromd.

Redio ya pakiti hutumiwa hasa na watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana bila biashara. Makala hii inaeleza uelekezaji kwa mfano wa kisiwa cha Mafia, Tanzania. Vituo vya mfano ni vya kufikirika, lakini mahali penyewe ni halisi.

Historia

Mawasiliano ya pakiti kwa redio yalianza visiwani. Mwaka 1971 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha mtandao wa ALOHAnet, chini ya Norman Abramson, ili kuunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali bila waya. Watu wa redio ya ridhaa walifanya majaribio yao Montreal, Kanada, mwaka 1978. Itifaki yao, AX.25, ilichapishwa mwaka 1984, na mfumo wa uelekezaji wa NET/ROM ulitokea mwaka 1987.

Afrika Mashariki iliitumia redio ya pakiti kabla ya intaneti kuenea. Setilaiti ya UoSAT-3, iliyorushwa Januari 1990, ilipokea ujumbe ikipita juu ya kituo kimoja, ikauhifadhi, kisha ikaushusha ilipopita juu ya kituo kingine. Shirika la SatelLife liliitumia katika mradi wa HealthNet kuwapelekea madaktari wa Tanzania na nchi jirani barua na makala za kitabibu.

Kwa nini vituo vya kati vinahitajika

Mawimbi ya masafa ya MHz 144 hadi 146 husafiri karibu sawa na mstari ulionyooka. Umbali wa upeo wa redio kwa kilomita hupatikana kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena ya mita 10 hufikia upeo wa kilomita 13; kwa hiyo antena mbili za kimo hicho husikilizana hadi kilomita 26 hivi juu ya bahari.

Kutoka Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, hadi Nyamisati upande wa bara ni takriban kilomita 40. Antena za mita 25 kila upande zinatosha. Kutoka Kilindoni hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 130, na kwa umbali huo kila antena ingehitaji kimo cha mita 250 hivi. Mafia ni kisiwa cha chini kisicho na mlima. Hivyo ujumbe unapaswa kupokezanwa, kwa mfano Kilindoni, Nyamisati, Kibiti, Mkuranga na Dar es Salaam: hatua nne.

Inawezekana vituo vya kati vikarudia tu kile vinachosikia. Lakini katika kurudia huko kupokelewa kwa pakiti huthibitishwa na kituo cha mwisho peke yake. Ikiwa kila hatua hufaulu mara 80 katika 100, hatua nne mfululizo hufaulu mara 41 tu, na pakiti iliyopotea huanza safari upya. NET/ROM hurekebisha kasoro hiyo: kila kituo hukiri kupokea kutoka kwa jirani yake kabla ya kupeleka mbele, na pakiti iliyopotea hurudiwa katika hatua ile ile iliyopotea.

Jinsi njia inavyopimwa

Kila kituo hutangaza kwa vipindi, kwa kawaida kila baada ya dakika 60, orodha ya vituo vinavyofikika kupitia kwake. Kila njia ina alama ya ubora kati ya 0 na 255. Anayepokea tangazo huzidisha ubora uliotangazwa kwa ubora wa kiungo chake na jirani huyo, kisha hugawanya kwa 256.

Tuseme viungo vyote vina ubora wa 192. Kilindoni itaiona Nyamisati kwa 192, Kibiti kwa 144, Mkuranga kwa 108 na Dar es Salaam kwa 81. Kadiri hatua zinavyoongezeka, alama hupungua, na njia fupi hupendelewa.

Kila njia ina pia hesabu ya uhai inayoanza na 6. Tangazo jipya huirudisha kwenye 6, na kipindi kikipita bila tangazo hupungua kwa 1. Ikifika 0 njia hufutwa.

Kuweka mipangilio

Kwenye Linux mipangilio huandikwa katika mafaili matatu yaliyomo katika saraka ya /etc/ax25.

Faili la axports hutaja kila redio iliyounganishwa na ishara ya wito ya kituo. Kasi inayoandikwa humo ni ya waya kati ya kompyuta na modemu, si kasi ya angani, ambayo mara nyingi ni biti 1200 kwa sekunde.

Faili la nrports huipa nodi jina fupi lisilozidi herufi sita, pamoja na ishara ya wito. Ishara hiyo isilingane na ile ya axports. Hutofautishwa kwa namba ya mwisho, kuanzia 0 hadi 15.

Faili la nrbroadcast ndilo huiongoza netromd. Mstari wake huweza kuwa hivi:

vhf 5 192 60 1

Neno la kwanza ni jina la redio. Namba 5 ni hesabu ya uhai ambayo njia ikishuka chini yake haitangazwi tena. Namba 192 ni ubora wa kawaida wa kiungo, na 60 ni ubora wa chini kabisa unaokubaliwa. Namba 1 ya mwisho huamuru kutangaza vituo vyote vinavyojulikana. Ikiwa 0, kituo hujitangaza chenyewe tu.

Makosa mawili hutokea mara kwa mara. La kwanza ni kuweka kiwango cha chini kikubwa mno. Kikiwa 100 katika mfano wa Mafia, Dar es Salaam yenye alama 81 haitaingia kamwe kwenye jedwali la Kilindoni, ingawa redio zote ni nzima. La pili ni kuweka 0 mwishoni mwa mstari katika kituo cha kati. Nyamisati ikifanya hivyo, Kilindoni itaiona Nyamisati peke yake. Kituo cha mwisho wa mnyororo, kama Kilindoni, kinaweza kuweka 0 bila madhara na kuokoa muda wa hewani.

Programu nyingine, ax25rtd, hujifunza njia kwa kusikiliza pakiti zinazopita. Yenyewe haitangazi chochote, hivyo hufaa kusaidia netromd bali si kuchukua nafasi yake.

Umuhimu wakati wa maafa

Kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Siku nane baadaye, kwa sababu nyingine, hitilafu za nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikata au kudhoofisha intaneti Tanzania na katika nchi jirani. Mtandao wa redio ya pakiti hautegemei minara ya simu wala nyaya hizo. Unahitaji redio, antena na betri. Lakini ukipangwa vibaya unaweza kushindwa siku ile unapohitajika.

Tuseme antena ya Nyamisati imeangushwa na upepo. Kwa kipindi cha dakika 60, jedwali la Kilindoni litaendelea kuionyesha njia ya Dar es Salaam hadi saa sita baada ya tangazo la mwisho. Opereta atadhani njia ipo, kumbe imekufa. Kipindi kikifupishwa hadi dakika 15, muda huo hushuka hadi saa moja na nusu. Gharama yake ni matangazo mengi zaidi: tangazo lililojaa lina vituo 11 na huchukua sekunde mbili hivi kwa kasi ya biti 1200. Kwa mtandao wa vituo vitano gharama hiyo ni ndogo. Kipindi kinafaa kuwa kimoja kwa vituo vyote.

Kinga iliyo bora ni njia ya pili. NET/ROM ya Linux hutunza hadi njia tatu kwa kila kituo na kuhamia inayofuata jirani asipojibu. Redio ya masafa mafupi ya MHz 7, yenye antena ya waya iliyotandazwa chini chini, hupeleka mawimbi juu hadi kwenye ionosfia na kuyarudisha, hivyo mchana inaweza kuifikia Dar es Salaam bila kituo cha kati, ingawa kwa biti 300 tu kwa sekunde. Kiungo hicho kikipewa ubora wa 70, kitakuwa chini ya 81 na hakitatumika siku za kawaida, lakini kitabaki juu ya kiwango cha chini cha 60, tayari kuchukua kazi mnyororo wa bara ukikatika.

Sheria

Nchini Tanzania leseni za redio ya ridhaa hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na ishara za wito huanza na 5H au 5I. Kanuni za kimataifa za redio haziruhusu kuficha maana ya ujumbe kwa msimbo wa siri. Zinaruhusu vituo vya ridhaa kupeleka ujumbe wa kimataifa kwa niaba ya watu wengine wakati wa dharura au misaada ya maafa tu.