Ali Al-Habsi: Mzimamoto wa Maskati aliyetamba langoni Uingereza

ALI Al-Habsi ndiye raia wa kwanza wa Oman kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na wengi humhesabu miongoni mwa walinda lango bora waliowahi kutokea barani Asia.

Kwa wapenzi wa kandanda wa Kwale, kuanzia Diani na Ukunda hadi Msambweni na Vanga, safari yake ina mafunzo mengi kuliko takwimu za mechi. Huku Pwani ya Kusini, Maskati si mji mgeni masikioni. Ni mji wa jamaa, wa biashara na wa vijana waendao kutafuta riziki. Isitoshe, kuna wakati Kenya ndiyo iliyokuwa ikipeleka wanasoka Oman.

Al-Habsi alizaliwa Desemba 30, 1981, katika mji wa Al-Mudhaibi, ulio bara, mbali na bahari. Kabla ya soka kuwa ajira yake, alikuwa mzimamoto katika uwanja wa ndege wa Seeb, Maskati. Alianza kudaka katika klabu ya mji wao, kisha akahamia Al-Nasr ya Salalah.

Aliyemfungulia njia ni John Burridge, kipa Mwingereza aliyewahi kucheza Ligi Kuu akiwa na umri wa miaka 43, na ambaye wakati huo alikuwa akiwanoa makipa wa Oman. Burridge aliona kipaji, akakipalilia, kisha akakinadi Ulaya. Mnamo 2003, Al-Habsi alijiunga na Lyn ya Oslo, na mwaka uliofuata akatuzwa kipa bora nchini Norway.

Januari 2006 alisajiliwa na Bolton Wanderers. Hapo ndipo subira yake ilipopimwa, kwani lango lilikuwa la Jussi Jääskeläinen, raia wa Finland. Mshambuliaji wa akiba huweza kuingizwa dakika 20 za mwisho akajaribu bahati yake. Kipa wa akiba hungoja mwenzake aumie au apoteze makali. Al-Habsi alingoja zaidi ya miaka miwili. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa Machi 2008, dhidi ya Wigan Athletic.

Wigan hao hao ndio waliomchukua kwa mkopo mnamo 2010. Msimu huo klabu iliponea kushuka daraja, naye akatawazwa mchezaji bora wa mwaka wa timu. Mnamo 2011 alipewa mkataba wa kudumu. Wigan ilipoilaza Manchester City 1-0 katika fainali ya Kombe la FA mnamo Mei 2013, hata hivyo, aliyekuwa langoni ni Joel Robles, naye Al-Habsi alikuwa ameshapoteza nafasi yake.

Hakukata tamaa. Alihamia Reading mnamo 2015, na Mei 2017 alidaka katika fainali ya mchujo wa kupanda daraja uwanjani Wembley, ambapo Reading ilishindwa na Huddersfield kwa mikwaju ya penalti. Baadaye alichezea Al-Hilal ya Saudi Arabia na kupitia West Bromwich Albion, kabla ya kustaafu mnamo 2020.

Kwa taifa lake, kilele kilikuwa Kombe la Ghuba la 2009 lililoandaliwa Maskati. Oman ilikuwa imepoteza fainali mbili zilizotangulia, mnamo 2004 na 2007. Safari hii Al-Habsi hakufungwa bao hata moja katika muda wa mchezo, na Oman ikaishinda Saudi Arabia 6-5 kwa penalti baada ya sare tasa. Ilikuwa mara yake ya nne mfululizo kutajwa kipa bora wa mashindano hayo.

Kenya nayo haikukosa makipa mahiri. Mahmoud Abbas, aliyejulikana kwa lakabu ya 'Kenya One', ni jina lisilosahaulika katika enzi ambapo Harambee Stars ilitwaa kombe la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Miaka hiyo ya themanini ndipo wachezaji kadhaa wa Kenya walipokwenda kusakata gozi la kulipwa Oman. Lakini Oman ilifika Ligi Kuu ya Uingereza kabla ya Kenya, ambayo ilisubiri hadi 2013, Victor Wanyama alipovalia jezi ya Southampton. Kwa upande wa makipa, Arnold Origi alithibitisha kwamba njia ya Norway iko wazi kwa Mkenya pia, alipodakia Moss na Lillestrøm.

Tofauti, basi, si kipaji. Al-Habsi alikutana mapema na kocha aliyejua kazi ya lango na kuifanya kazi hiyo tu. Katika viwanja vingi vya mashinani, kipa huwa ni yule aliyekosa nafasi kwingineko, na mazoezi yake ni kupigiwa mashuti na wenzake jua linapotua. Kijana wa Ukunda mwenye mikono mizuri hahitaji muujiza ili afuate nyayo hizo. Anahitaji glavu, mkufunzi wa makipa, na mtu wa kumtaja jina lake panapohusika. Gharama ya hayo ni ndogo kuliko ya kujenga uwanja.