Manyunyu ya Umeme

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Ujiji hata vijiji vilivyopakana na hifadhi ya Gombe, kama Mtanga na Mwamgongo, wanakijua kichocho cha tumbo kwa kuuguza, na dawa yake, prazikwanteli, wanaijua kwa uchungu wake; lakini lisilojulikana na wengi ni kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo, ikishafyonzwa na matumbo, huvunjwa na ini kabla haijaenea mwilini, na mgonjwa hupewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa ajili ya dawa za namna hii, wataalamu hutafuta njia ya kuifungia dawa katika chembe ndogo mno za bayopolima, yaani mata zitokanazo na viumbe hai ambazo molekuli zake zimeungana zikawa minyororo mirefu: mfano kitosani, itokayo katika magamba ya kamba na kaa, na karajini, itokayo katika mwani ambao wanawake wa Unguja wanaulima.

Mojawapo ya njia za kuzifanya chembe hizo, atakayeifasiri kwa pupa ataiita "upuliziaji wa umeme". Siafiki. Kupuliza ni kazi ya pumzi na upepo, ilhali hapa hakuna upepo unaosukuma kitu. Myeyusho wa bayopolima na dawa hupitishwa polepole katika sindano nyembamba iliyounganishwa na umeme wa maelfu ya volti; tone lililo nchani huvutwa hata likachongoka umbo la pia, alilolieleza kwa hesabu Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1964; na katika kilele cha pia hiyo huchomoka uzi wa majimaji usioonekana kwa urahisi, ukakatika vitone, ambavyo, madhali vyote vina chaji ya aina moja, hufukuzana visiungane, vikakauka vingali hewani na kutua vikiwa chembe. Lugha yetu inayo mvua nyembamba itokayo bila kishindo, nayo ni manyunyu. Basi naona "manyunyu ya umeme" ndiyo istilahi iliyo sahihi, na kitenzi chake, kunyunyiza, kipo tayari. Myeyusho ukiwa mzito, uzi haukatiki, bali hukauka ukawa nyuzi. Hapo tuseme "usokotaji wa umeme".

Ama "dawa lengwa", jina wanalopewa dawa zilizofungiwa katika chembe ili zifunguke mahali maalumu mwilini, neno hili nalo lina kasoro, kwani kulenga ni kazi ya jicho na mkono, na chembe haina hata kimoja: huchukuliwa na damu au na chakula, ikafunguka pale ambapo uasidi wa mahali au maumbile ya ganda lake yanairuhusu. Nachagua "uwasilishaji makhsusi wa dawa".

Vidonge wanavyogawiwa wanafunzi wa mwambao leo havikufanywa kwa njia hii. Sindano moja hutoa chembe kidogo sana kwa saa, na kazi nyingi ingali maabarani, hivyo wafasiri wanao wasaa wa kuafikiana juu ya majina kabla dawa yenyewe haijashushwa Kigoma.