Gemu Mpya Kwenye Kompyuta ya Zamani: Kagua Mashine Kabla ya Kuchoma Bando

Kompyuta mpakato ya mtumba inayotoka Dar es Salaam hadi Ngarambe, wilayani Rufiji, haikai siku nyingi kabla mwenyewe hajataka kuweka gemu. EA Sports FC 24 peke yake inataka nafasi ya GB 100. Kwa anayetegemea bando la simu, hiyo si hela ndogo. Gemu ikigoma kufunguka, bando ndiyo imeshakwenda.

Kwa nini gemu inagoma?

Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za ofisini. Nyingi hazina kadi ya grafiki ya peke yake. Picha huchorwa na chipu iliyo ndani ya prosesa. Intel HD 4000 ya mwaka 2012, kwa mfano, inaishia DirectX 11, wakati FC 24 inadai DirectX 12. Hapo hata ukijaza RAM, haifunguki.

Kagua kwa dakika mbili

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, kisha Enter. Ukurasa wa kwanza utaonyesha aina ya prosesa na kiasi cha RAM.

Angalizo: ukiona "DirectX 12" hapo, usishangilie bado. Hiyo ni ya Windows, si ya chipu. Nenda sehemu ya Display, soma jina la chipu na mstari wa Feature Levels. Namba kubwa ikiwa 11_0 au 11_1, gemu inayodai DirectX 12 huenda ikagoma.

Linganisha na mahitaji ya chini yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa gemu. Valorant ya mwaka 2020, kwa mfano, imeitaja HD 4000 kwenye kiwango chake cha chini, ila inahitaji intaneti muda wote wa kucheza.

Kinachorekebishika

- RAM: chipu ya ndani huazima RAM ya kompyuta. Vipande viwili vya GB 4 mara nyingi huipa kasi kuliko kimoja cha GB 8.
- SSD: gemu inafunguka haraka, lakini picha inayokwamakwama haitapona kwa SSD.
- Mipangilio: shusha picha hadi 1280 x 720, punguza vivuli, funga programu nyingine.
- Joto: mpe fundi asafishe feni na abadilishe grisi ya prosesa. Mashine ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe.
- Umeme: cheza ikiwa kwenye chaji.

Windows nayo ina mwisho

Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024. Mashine yenye Windows hizo inahitaji kupandishwa kwanza.

Okoa bando

Kama mashine inafaa, si lazima upakue ukiwa kijijini. Steam inaruhusu kunakili mafaili ya gemu kwenye diski ya nje. Ndugu aliyeko Dar mwenye intaneti ya kasi anaweza kupakua na kukutumia diski kwa basi. Gemu ya kulipia lazima iwe imenunuliwa kwenye akaunti yako, na bado kutakuwa na data kidogo ya kuhakiki.

Ukinunua Steam na ikakataa, omba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14, ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2. Bando ndiyo hakuna wa kukurudishia, kwa hiyo anza na dxdiag.