Utengamao na watu wake

Neno utengamao limekwisha kuzoeleka katika nyaraka za Wizara ya Afya ya Tanzania, lakini wodini bado linahitaji mkalimani. Mama akiambiwa kwamba kijana wake aliyepata ajali ya bodaboda sasa ataanza huduma za utengamao, atamuuliza muuguzi maana yake, naye muuguzi, mikono ikiwa imejaa kazi, atamjibu: "Yaani mazoezi, mama." Jibu hilo si la uongo. Tatizo ni kwamba limewaacha nje karibu watu wote watakaomhudumia huyo kijana, pamoja na mama mwenyewe.

Tuanze na neno. Kutengamaa ni kukaa sawa baada ya msukosuko. Husemwa hali ya mgonjwa imetengamaa, nchi imetengamaa. Kabla halijashika, waandishi walikuwa wakitumia ukarabati, neno la barabara na majengo, au urekebishaji, ambalo masikioni mwa wengi, hasa Kenya, limeshikamana na vituo vya kuwarekebisha tabia watumiaji wa dawa za kulevya. Ukarabati una kasoro nyingine kubwa zaidi: unaahidi kwamba kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Ugwe wa mgongo ukishakatika, tiba ya leo haiwezi kuuunga. Aliyepooza miguu huenda asitembee tena, na bado akatengamaa: akajihamisha mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, akapika, akarudi darasani kufundisha. Tena kitenzi chenyewe hakipokei mtendwa. Hakuna daktari awezaye "kumtengamaa" mtu. Anayetengamaa ni mgonjwa, wengine wanamsaidia.

Nimesema ugwe, wala si uti, kwa makusudi. Uti wa mgongo ni ile mifupa, pingili juu ya pingili. Ugwe ni mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani yake kutoka kwenye ubongo. Katika mazungumzo ya kawaida "ameumia uti wa mgongo" inatosha. Kwenye faili haitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuvunjika pingili na ugwe ukabaki salama.

Wazo la kwamba majeraha haya yanahitaji watu wengi kwa pamoja lina historia. Mnamo Februari 1944, Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Wanazi mwaka 1939, alifungua wodi ya majeruhi wa ugwe katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati huo askari aliyepooza hivyo alihesabiwa kuwa mtu wa kufa katika muda wa miezi tu. Mara nyingi kilichomuua hakikuwa risasi bali vidonda vya kulalia na maambukizi ya njia ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na hiyo ni kazi ya wauguzi. Akaleta karakana za useremala, akaleta michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London, majeruhi 16, wanaume na wanawake, walishindana kulenga shabaha kwa upinde hapo Stoke Mandeville. Michezo ya Paralimpiki imetokana na siku hiyo.

Timu ya leo ina majina mengi, na baadhi ya majina hayo yanapotosha. Mtaalamu wa fiziotherapia ndiye anayejulikana zaidi. Wodini ni "fizio" tu. Mwenzake wa tiba kazi hueleweka vibaya, na kuna wanaodhani anatafutia watu ajira. Ndiyo maana wengine wamependelea kusema tiba kwa vitendo. Kazi yake ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake: kuvaa shati, kushika kijiko, kupiga mswaki. Mtaalamu wa tiba ya usemi naye jina lake linaficha nusu ya kazi yake, kwa kuwa ndiye anayepima kama aliyeumia ubongo anameza salama. Mgonjwa anayekohoa kila akinywa chai huenda chai inaingia kwenye njia ya hewa, na vimiminika vyepesi ndivyo vinavyoponyoka kwa urahisi. Huenda akashauriwa kunywa uji mzito kwanza. Wapo pia mwanasaikolojia, afisa ustawi wa jamii, daktari wa mkojo, na watengenezaji wa viungo bandia na vifaa saidizi, ambao chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza tangu 1981.

Kuwataja si kazi. Kazi ni kuwaunganisha, na hapa mfano mmoja unatosha. Mtu aliyeumia ugwe usawa wa pingili ya sita ya shingo kwa kawaida hawezi kukunja vidole, ila anaweza kuinua kifundo cha mkono. Akikiinua, kano za vidole huvutwa na vidole hujikunja vyenyewe, akikishusha, hufunguka. Kwa mshiko huo dhaifu anaweza kuokota kalamu au kushika mswaki. Masharti ni kwamba kano hizo zibaki fupi kiasi. Sasa mtu wa tiba kazi anamtengenezea banzi la kuulinda mshiko huo, na jioni shangazi, kwa upendo wote, anamkanda mkono na kuvinyoosha vidole kabisa huku kifundo kimeinuliwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wiki kadhaa za namna hiyo, kano zimelegea na mshiko umepotea. Kila mmoja alikuwa anasaidia.

Ndiyo maana wataalamu hutofautisha aina mbili za timu. Kuna timu ya fani mbalimbali, ambamo kila mtu anapita kwa zamu yake, anaandika kwenye faili na kuondoka. Na kuna timu inayokutana, ikaweka lengo moja pamoja na mgonjwa, kwa mfano "aweze kujihamisha bila msaada kabla ya kurudi nyumbani," halafu kila fani ikavuta upande huo. Hii ya pili naona tuiite timu shirikishi ya utengamao. Magazeti hupenda kuandika jopo la madaktari, lakini jopo hukaa, huamua, hutawanyika. Linafaa siku ya upasuaji, halifai kwa miezi inayofuata. Tena jopo halina nafasi ya shangazi.

Na shangazi ni lazima awemo, maana mgonjwa akisharuhusiwa, muuguzi hayuko nyumbani. Kugeuza usiku, kukagua ngozi ya makalio na visigino, kutoa mkojo kwa mpira kila baada ya saa 4 hadi 6: yote hayo huangukia familia. Msomaji, ukiwa na ndugu aliyelazwa kwa jeraha la ubongo au la ugwe, uliza nani anaongoza timu na inakutana lini, kisha omba ukae nao. Na kabla hajaruhusiwa, zifanye kazi hizo kwa mikono yako mwenyewe mbele ya muuguzi, akusahihishe papo hapo.