Wapigaji wa nyuma waliotupa "Sina Makosa"

Mwezi uliopita nilipanda matatu Kitengela nikielekea Kajiado. Dereva akaweka "Sina Makosa", gari zima likatulia. Kijana aliyeketi karibu nami akasema, "Hawa ni Simba Wanyika." Mzee wa kiti cha mbele akageuka: "La, mwanangu, hawa ni Les Wanyika." Kijana akauliza, "Kwani tofauti ni gani, mzee?" Mzee akacheka tu. Jina la bendi alilijua, ya wapigaji hakuyajua. Wengi wetu tuko kama yeye, na hao waliosahauliwa ni watu wa pwani yetu.

Hadithi inaanzia Tanga. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, waliingia Jamhuri Jazz Band mwaka 1966. Neno "jazz" lisikutatize. Kwa Waafrika Mashariki wa wakati ule lilikuwa na maana ya bendi ya magitaa ya kuchezesha watu dansi: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Mwaka 1970 ndugu hao wakahamia Arusha wakaunda Arusha Jazz, na mwaka 1971 wakaja Kenya na kuunda Simba Wanyika. Kutoka Arusha kuja Nairobi, barabara ni ile ile tuliyokuwa nayo siku ile: Namanga, Kajiado, Kitengela.

Sababu ya kuja inaeleweka. Nairobi ndiko kulikokuwa na makampuni ya kurekodi na mitambo ya kutengeneza santuri. Wanamuziki wa Tanzania walikuwa na redio ya taifa ya kuwarekodi, lakini santuri za kuuza dukani zilitoka huku. Simba Wanyika wakatoa albamu yao ya kwanza, "Jiburudisheni na Simba Wanyika", mwaka 1975.

Mwaka 1978 wapigaji wa nyuma wakaondoka. Omar Shabani wa gitaa la ridhim, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drams walikuwa kati yao, pamoja na Sijali Salum Zuwa. Wakajiita Les Wanyika. John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga muziki Kenya, akajiunga nao kwa gitaa na sauti, na Issa Juma akawa miongoni mwa waimbaji. Baada ya miezi ya mazoezi walianza kupiga katika klabu ya Garden Square, Nairobi, kisha wakarekodi "Sina Makosa".

Isikilize vizuri. Hakuna anayekimbia. Besi ya Malanga inatembea polepole na kuacha nafasi. Ridhim ya Shabani inazunguka pale pale bila kuchoka, na solo inaingia kwa adabu. Mwimbaji anajitetea kwa mtu mwenye hasira kwa sababu ya mwanamke, kwa Kiswahili cha barazani, bila kupaza sauti. Wale waliokuwa wamezoea kusimama nyuma ya wakubwa wao walipopata nafasi hawakuitumia kujionyesha, na naona ndiyo maana wimbo haujazeeka.

Jambo hili limetokea kwingine pia. Duke Ellington alipozuru Ulaya mwaka 1950, mpiga saksafoni wake Johnny Hodges alirekodi Paris na wenzake wachache, muziki mtulivu usio na ukubwa wa bendi nzima. Mwaka uliofuata akamwacha Ellington na kuanzisha kundi lake. Tofauti ni kwamba majina ya wapigaji wa Hodges yameandikwa na kuhifadhiwa. Ya kwetu unayaokota kwa wazee.

Hili si suala la kumbukumbu tupu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi wa wimbo maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu ilipofanywa. Piga hesabu: rekodi za mwishoni mwa miaka ya 1970 zimebakiwa na muda mfupi sana. Wimbo unapigwa kwenye matatu, harusi na vilabu kila wiki. Ikiwa hatuwezi hata kumtaja aliyepiga besi, nani atauliza kama watoto wake wanapata chochote?

Dini yetu inatufundisha kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la hawa lilikauka zamani. Tukishindwa kulipa, angalau tuwataje. Nilipokuwa nashuka Kajiado nilimwandikia yule kijana majina matatu kwenye simu yake: Shabani, Malanga, Juma. Nawe mfundishe mwanao.